Babu Yetu, Mkata Mkonge: Hotuba ya Kumbukumbu

Hotuba hii niliitoa nyumbani kwetu upande wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, siku tuliyokusanyika kumkumbuka Babu, mwaka mmoja tangu atutoke. Naiweka yote kwa ajili ya ndugu walioko Tanga, Mtwara, Nairobi na Doha ambao hawakuweza kufika.

Baba Paroko, Ustadhi, wazee wa kaya, walinzi wa msitu mtakatifu, mliotoka Kinondo, chifu wetu, majirani, shangazi zangu, wajomba zangu, binamu, na ninyi watoto mliokaa pale chini ya mwembe: tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Nimetoa salamu zote mbili kwa sababu hivyo ndivyo mwenye shughuli hii alivyoishi. Babu alibatizwa Mkatoliki kwao. Wanawe wawili wakaoa kwa Wadigo, wakasilimu. Nani hapa aliwahi kumwona Babu akikosa kufuturu nao? Na nani aliwahi kuwaona wao wakikosa Krismasi kwake? Hakuna.

Wazee wameniomba niseme habari zake kwa kuwa nilikaa naye zaidi miaka yake ya mwisho. Yako mengi. Lakini leo nataka neno moja lifike mpaka kwa wale walio nyuma kabisa: Babu hakukaa nchi hii kwa hisani. Alifanya kazi. Kila mlichokiona mikononi mwake, alikifanyia kazi. Na miaka yote hiyo alipokuwa akifanya kazi, hapakuwa na daftari hata moja la serikali lililomwandika kuwa ni mtu wa hapa.

Alitoka wapi? Ninyi vijana mnasema tu "Msumbiji" kama mnavyotaja jina la timu. Babu alitoka Mueda, Uwanda wa Wamakonde, kusini mwa mto Ruvuma. Kule juu ardhi ni nzuri kwa mhogo na korosho, lakini maji hakuna. Wanawake walishuka mabondeni kuteka na kupanda mlima na mitungi kichwani, kila siku ya Mungu. Mama yake alikuwa mmoja wao. Na juu ya shida hiyo alikuwapo Mreno. Kodi ya kichwa. Kazi ya kulazimishwa. Kulimishwa pamba ambayo hailiwi, shamba la chakula likibaki na magugu. Asiyetimiza, kiboko.

Ndipo vijana wakawa wanavuka Ruvuma. Walivuka wakati maji yamepungua, usiku, wakaingia Tanganyika. Babu alivuka miaka ya 1950 akiwa kijana ambaye ndevu zimeanza tu kuota, ana panga moja na shuka moja. Akapita Mtwara, akapita Lindi, akafika Tanga kwenye mkonge. Baadaye akasikia kwamba Kwale nako kuna mashamba, na kwamba Wamakonde wenziwe wako huko tangu miaka ya 1930. Akavuka mpaka pale Lunga Lunga. Siku hizo mpaka ulikuwa njia ya miguu tu, na wote wawili, Tanganyika na Kenya, walikuwa chini ya Mwingereza mmoja. Hakuna aliyemuuliza chochote. Walichokitaka ni mikono.

Naomba mnivumilie nisimulie kazi yenyewe, maana wengi wenu mnaona mkonge kando ya barabara tu.

Mkata mkonge anaamka kabla ya jogoo. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na ukikuchoma jichoni umekwisha. Kwa hiyo unaanza kuukata mwiba, kisha unakata jani kwenye shina, unapanga, unafunga tita. Tita moja majani 30. Maji yake yanawasha ngozi mpaka mtu anakosa usingizi. Jua likipanda, nyapara anapita kuhesabu. Ukitimiza matita yako, kipande chako, yaani kadi yako ya kazi, kinatiwa alama ya siku moja. Usipotimiza, siku hiyo haikuwapo. Umeamka, umekata, umechomwa, umewashwa, na siku haikuwapo. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka zitimie. Mtu akiumwa homa siku tatu, mwezi wake unarefuka.

Babu alifanya kazi hiyo mpaka viganja vyake vikawa havihisi moto. Mlimwona wenyewe: alikuwa akigeuza mahindi kwenye makaa kwa vidole. Alipoacha mkonge akaenda kukata miwa Ramisi, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1988. Baada ya hapo akashika tezo na patasi, akarudia kazi aliyofundishwa na mjomba wake utotoni, ya kuchonga mpingo.

Sasa sikilizeni. Mkonge ule ulipanda meli bandarini Mombasa. Sukari ile ilinywewa na Kenya nzima. Vinyago vile vilinunuliwa na wageni Diani wakaenda navyo kwao kama kumbukumbu ya Kenya. Basi mtu anayekata mkonge wa Kenya, anayekata miwa ya Kenya, anayechonga kumbukumbu za Kenya, ni mtu wa wapi?

Nawaachia swali hilo, nitalirudia.

Hebu tuje kwa familia, kwa sababu Babu mwenyewe angeniuliza, "Mbona umekaa sana shambani?"

Nyanya yetu alizaliwa kambini, binti wa mkata mkonge, Mmakonde mwenzake. Wengine mnamkumbuka na tundu la ndonya, lile pambo la Wamakonde, kwenye mdomo wa juu. Walizaa watoto saba, wakazika wawili. Hao wawili wamelala hapa hapa, na naamini ndio waliomfunga Babu na ardhi hii kuliko kitu kingine chochote. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, baadhi ya wenzake walifunga mizigo wakarudi. Walimwambia, "Twende, Mreno ameondoka." Aliwajibu kwamba makaburi ya wanawe hawezi kuyabeba. Muda si mrefu kule kwao vita vingine vikaanza, vikadumu mpaka 1992.

Siku za kwenda sokoni Ukunda kupeleka vinyago, alikuwa na desturi moja. Alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala mkekani, alipita na nyuzi za katani. Anamshika mtoto mguu taratibu, anaupima kutoka kisigino mpaka kidole gumba, anakata uzi pale pale. Kisha anafunga fundo. Fundo moja ni mtoto wa kwanza, mafundo mawili wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Nyuzi anazitia mfukoni. Vinyago vikiuzwa vizuri, anarudi na ndala za kila mtu, na zinaingia sawasawa. Vikiuzwa vibaya, anarudi na ndala za wawili, na anaanza na wale ambao walikosa mara iliyopita, kwa sababu alikumbuka. Baba yangu mkubwa bado ana uzi wake wa fundo moja. Baba Mkubwa, nyanyua mkono wakuone. Hebu tazameni, ni mfupi kama kidole cha mtu mzima. Mguu huo leo unavaa namba 44.

Je, mtu huyu alijifunza wapi kuandika? Alijifunza ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni, akiwa na watoto wanne tayari. Na alipojua tu kuandika, alinunua daftari, akaandika watoto wake. Nimelishika mkononi, ni hili. Jalada limeshonwa kwa katani. Nitawasomea machache kama alivyoandika yeye:

"Mtoto wa kike. Alfajiri. Mvua ya kwanza ya masika. Mama mzima."

"Mtoto wa kiume. Jumapili baada ya misa. Hakulia mpaka alipopigwa kofi."

"Mtoto wa kiume. Amezaliwa usiku, amefariki asubuhi. Tumempa jina."

Hapa alikuwa akiandika kwa penseli. Baadaye kalamu ya wino. Baadaye wajukuu, baadaye vitukuu. Kila jina, kila siku, kila mkunga aliyemshika mtoto. Kwa nini alijihangaisha hivyo? Kwa sababu watoto wetu hawakuwa wakipata vyeti vya kuzaliwa kwa urahisi. Mzazi huna kitambulisho, mtoto naye anakosa cheti. Mtoto hana cheti, mtihani unakuwa taabu. Babu aliona kwamba kama hakuna atakayewaandika wanawe, atawaandika yeye.

Nimefika kwenye jambo gumu, na Shangazi, ambaye yuko hapa mbele, ameniruhusu nilisimulie.

Ninyi wazee mnajua kwamba zamani baadhi ya watu wetu walipata vitambulisho kwa kutumia majina ya ukoo wa majirani. Mtu anaandikwa Mdigo, baba yake anaandikwa ni fulani, mambo yanakwenda. Hatuwalaumu. Njaa haina adabu. Babu naye alipata bahati hiyo: jirani yake, rafiki wa kweli, alimwambia, "Nitasema wewe ni ndugu yangu, tumbo moja." Babu alimshukuru sana, akamkatalia. Alisema, "Baba yangu nimemwacha kaburini Mueda. Nikimkana na hapa, atakuwa hana mtoto popote."

Ni maneno mazuri, sivyo? Yana uzito. Lakini yalikuwa na gharama, na gharama hiyo haikumfika yeye peke yake. Shangazi alipata kazi kwenye hoteli ya Diani, kazi ya kutandika vitanda, yenye mshahara wa mwezi. Alifanya majuma machache tu. Wakamtaka alete kitambulisho. Hakuwa nacho. Wakamrudisha nyumbani. Alirudi kwa baba yake akiwa na hasira, akamwambia mbele za watu, "Jina lako umelihifadhi, mimi umenimaliza."

Babu hakujibu. Hakumkaripia, hakutoa hotuba ya ukoo. Mwezi ule wote alichonga usiku na mchana, taa ya koroboi ikiwaka mpaka alfajiri. Alichonga mti mmoja wa watu waliopandana, watu juu ya watu, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kumwona nayo. Akaiuza. Pesa zote akampa Shangazi, akamjengea kibanda cha mahamri na viazi vya karai pale stendi. Kibanda kile kimesomesha watoto watatu. Wengi wenu mmekula mahamri yale, na leo asubuhi mmekula tena.

Je, Babu alikosea kulikataa lile jina? Shangazi anasema alikosea. Baba Mkubwa anasema alipatia. Mimi nimewasikiliza wote wawili kwa miaka mingi, na nikilazimishwa kusema, nitasimama na Baba Mkubwa kuhusu jina na nitasimama na Shangazi kuhusu machungu. Ila wote wawili wanakubaliana kuhusu ule mwezi wa koroboi. Baba aliyeona kwamba msimamo wake umemuumiza mwanawe, akaubeba uzito huo kwa mikono yake bila kumwekea mwanawe masimango. Wangapi kati yetu tunaweza?

Sasa turudi kwenye lile swali langu. Ni mtu wa wapi?

Kwa miaka zaidi ya 50 jibu lilikuwa: si wa hapa. Babu alikuwapo Kwale usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipopanda, na alicheza sindimba na wenziwe mpaka kukacha. Lakini bendera ilipanda bila yeye. Hakupiga kura. Hakuweza kufungua akaunti ya benki. Hakuwa na hati ya shamba. Chale zake za usoni, zile alizochanjwa ujanani kama heshima ya Mmakonde, zilimfanya ajulikane barabarani. "Kitambulisho?" Na yeye anatoa kipande chake cha zamani kilichochakaa, amekikunja ndani ya nailoni. Aliwahi kulala rumande kwa ajili ya sura yake. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, sisi wote tukafurahi, lakini laini yake iliandikwa kwa jina la jirani. Kila shilingi tuliyomtumia ilipita kwa mtu mwingine kwanza. Namshukuru jirani yule na watoto wake walioko hapa: haikupotea hata moja.

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa wasio na utaifa ambao wameishi Kenya tangu uhuru. Ulipewa miaka mitano. Miaka ikapita, mikutano ikafanywa, fomu zikajazwa, na tarehe 30 Agosti 2016 muda ukaisha huku watu wetu wakiwa mikono mitupu. Ndipo mwezi Oktoba mwaka ule Wamakonde, pamoja na watu wa haki za binadamu waliosimama nao, wakaamua kwenda kwa miguu Nairobi, mpaka Ikulu. Watu kama 300. Kinamama na watoto mgongoni.

Babu alitaka kwenda. Miguu ilikataa. Alikaa pale kwenye kigoda chake, akamwita Shangazi. Ndiyo, Shangazi yule yule. Akampa kipande chake na daftari hili, akamwambia, "Wakiuliza sisi ni akina nani, wasomee."

Tarehe 13 Oktoba walipokelewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha. Mwezi Februari 2017 Wamakonde tukatangazwa kabila la 43 la Kenya. Maofisa walipokuja kutuandikisha, wengine walipata shida ya tarehe za kuzaliwa. Kwetu tulifungua daftari. Ofisa alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasimama na kumpa Babu mkono.

Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1933. Mwaka huo ni wa kukisia. Ila jina ni lake, na jina la baba yake ni la baba yake.

Tarehe 8 Agosti 2017 alipiga kura kwa mara ya kwanza. Aliniamsha saa tisa usiku. Alishaoga. Alishavaa shati jeupe lililopigwa pasi na kanzu juu yake, zawadi ya mwanawe. Tulifika kituoni giza bado nene, na watu waliokuwa mbele wakamsogeza mpaka mlangoni. Alipotoka alikishika kidole chake chenye wino juu, mbali na nguo, akaenda nacho hivyo mpaka nyumbani. Na kabla ya kula chochote alipita nyumba kwa nyumba akiwaonyesha wajukuu. Wajukuu, mnakumbuka? Naona mnatikisa vichwa.

Baada yetu Washona walitambuliwa, na mwaka 2023 Wapemba wa hapa Pwani. Babu alipopata habari za Wapemba alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Aliniomba niwaulize wanaye nani wa kuwasaidia kujaza fomu, na kama hawana, niende mimi. Nilikwenda.

Lakini ndugu zangu, tusidanganyane kwamba yamekwisha. Ardhi tunayokaa wengi wetu bado haina hati. Babu aliishi hapa maisha yake yote akiogopa kupanda mkorosho, kwa sababu anayekaa kwenye shamba la mwenyewe anaruhusiwa mihogo na kunde, miti ya kudumu haruhusiwi. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho! Chifu, nakuheshimu, na nasema hili mbele yako ili ulipeleke juu: tunataka hati. Wazee wa kaya, ninyi ndio mliowapokea baba zetu na kuwaonyesha pa kujenga. Tunaomba msimame nasi pia katika hili, maana neno lenu kuhusu ardhi hii lina nguvu kuliko letu.

Jambo la mwisho ni la ndugu zetu wa kule. Babu alikuwa na kaka aliyebaki Mueda. Tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, kaka yake alikuwa mjini siku hiyo. Habari zake zilikoma hapo. Babu alimtafuta kwa kila mpita njia kutoka kusini, na alipopata pasipoti aliniambia tujiandae tukaulize wenyewe. Tulichelewa. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, mkoa wenye Mueda, ina vita vya waasi, na Mueda imejaa watu waliokimbia vijiji vyao. Hatukuweza kumpeleka mzee katika hali ile.

Sisi wajukuu tumekubaliana kuendelea kutafuta. Kwetu Wamakonde mtu anajulikana kwa upande wa mama, na jina la mama yake Babu na la ukoo wake yameandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Nitaliweka mezani karibu na Shangazi. Ninyi mliotoka Mtwara na Newala, tafadhali lisomeni kabla hamjaondoka, na anayejua watu wa ukoo huo, upande wowote wa Ruvuma, aniachie namba ya simu. Na kila mzazi mwenye mtoto aliyezaliwa tangu Babu atutoke aje amwandikishe leo. Wino upo.

Baba Paroko, Ustadhi, karibuni mbele mtuongoze katika dua na sala ya chakula.